Swali la 13: jinsi tulivyofuta pointi za watu wanane

Swali lenyewe lilikuwa na maneno matano: "Tanzania ilipata uhuru mwaka gani?" Nililitunga mimi, nikaliweka la 13 kati ya maswali 20 ya chemsha bongo ya Ijumaa ile, na mbele yake kwenye daftari nikaandika 1961 bila kufikiri mara mbili. Mzozo uliozaliwa hapo ulichukua siku nne kumalizika. Watu wanane waliojibu vilevile nilivyotarajia walinyang'anywa pointi, na binamu yangu mmoja alikaribia kujitoa kundini. Nakieleza kisa chote pamoja na makosa yangu, kwa kuwa najua familia nyingi zina mchezo kama huu, na nimeona makundi yakifa kwa ugomvi mdogo kuliko huu.

Yetu ni chemsha bongo ya ukoo. Wachezaji ni kumi na watatu, tumetawanyika Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Muscat. Kila Ijumaa saa 3 usiku, ambayo kwa Mjomba aliye Muscat ni saa 4, naweka swali moja moja kwenye kundi la WhatsApp. Majibu hayaandikwi kundini. Kila mtu ananitumia faragha ndani ya sekunde 40, asije mtu akanakili kwa mwenzake. Jibu sahihi ni pointi moja. Shemeji yangu, ambaye hachezi, hunisaidia kujumlisha. Zawadi hakuna, isipokuwa mshindi anachagua mada ya wiki inayofuata. Kanuni tulikuwa nazo tatu tu: jibu la kwanza ndilo linalohesabiwa, hakuna kuchungulia intaneti, na neno la msimamizi ni la mwisho. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoniponza.

Mada ya usiku ule ilikuwa historia ya Afrika Mashariki. Kuanzia swali la 11 hadi la 15 nilitumia kalibu moja, nikawa nabadilisha jina la nchi tu. Uganda ilipata uhuru mwaka gani? 1962. Kenya? 1963. Kisha Tanzania, kisha Rwanda, kisha Burundi, hizi mbili zote tarehe 1 Julai 1962. Kalibu hiyo ilikaa sawa kwa nchi nne. Kwa ya tano haikukaa, na sikuliona hilo kwa sababu macho yangu yalishazoea umbo la sentensi.

Majibu ya swali la 13 yaliingia hivi. Wanane waliandika 1961. Wawili waliandika 1964, mmoja wao Kaka aliye Mombasa. Mjomba wa Muscat aliandika 1963. Binti mmoja wa Dar hakutuma kitu hadi muda ukaisha, na baadaye akaniambia alikuwa ameandika 1961, akafuta, akaandika 1964, akafuta tena. Wa mwisho alikuwa Shangazi wa Unguja, mwalimu mstaafu wa historia. Ujumbe wake uliingia sekunde ya 38: "Suala hili halina jibu, mwanangu. Tanganyika 1961, Zanzibar 1963. Tanzania imezaliwa 1964, haikutawaliwa na mtu."

Nikaweka alama ya kosa. Nikatangaza kundini: "Jibu ni 1961."

Shangazi akaanza kuandika palepale kundini, mbele ya wote. Na mimi, kwa kuogopa mchezo usipoe, nikaandika maneno ambayo hadi leo yananichoma: "Shangazi, neno la msimamizi ni la mwisho. Tuendelee." Nikatupia swali la 14 wakati bado anaandika. Swali la Rwanda, ambalo angelijibu usingizini, likampita. Watatu walitia maneno ya kutuliza, "ni mchezo tu, Shangazi." Niliporudi kuangalia daftari baadaye niligundua kuwa wote watatu walikuwa wameandika 1961.

Mwisho wa usiku Binamu wa Tanga alikuwa na 16, Shangazi 15, Kaka wa Mombasa 15. Binamu akapongezwa. Shangazi hakuaga.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea shikamoo. Marahaba ilirudi kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Hakutaka pointi; alilisema hilo mara mbili. Alichosema ni kwamba mwaka 1963 alikuwa mtoto wa skuli ya msingi Unguja, akili zake timamu, na mpwa wake hawezi kumwambia kwamba nchi aliyokuwa akiishi ilipata uhuru mwaka 1961. "Hapo si umeniambia nimekosea suala," alisema. "Umeniambia sikuwepo."

Ndipo nikakaa na tarehe zenyewe, kama nilivyopaswa kukaa nazo kabla. Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa na ikisimamiwa na Uingereza, ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Nyerere akiwa Waziri Mkuu, ikawa jamhuri mwaka mmoja baadaye siku ileile. Zanzibar ilikuwa nchi nyingine kabisa, chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na uhuru wake ulikuwa tarehe 10 Desemba 1963, Sultani akiwa Jamshid bin Abdullah na Waziri Mkuu Mohamed Shamte. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, yakamweka Abeid Amani Karume madarakani. Muungano ni wa tarehe 26 Aprili 1964, na hata siku hiyo jina Tanzania lilikuwa halijaanza kutumika: nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar hadi Oktoba ya mwaka huohuo. Kwa hiyo swali langu lilichukua jina la Oktoba 1964 na kulirudisha nyuma kwenye sherehe ya Desemba 1961.

Hata upande wa Zanzibar peke yake hakuna jibu moja ambalo kila mtu angeliandika. Sikukuu inayoadhimishwa kule ni ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari, siyo ya tarehe 10 Desemba, na wapo wanaosema uhuru wa kweli ni huo wa Januari. Nikawauliza wale wawili walioandika 1964 walikuwa wanafikiria nini. Kaka wa Mombasa alikuwa anafikiria Muungano. Mwenzake alikuwa anafikiria Mapinduzi. Tarakimu nne zilezile, sababu mbili zisizokutana. Hapo nikaelewa kwamba hata nikitaka kupanua ufunguo wa majibu sitajua nampa nani pointi kwa lipi.

Jumapili Binamu aliingia, naye alikuwa na hoja. Watu wengi wanapokisikia kisa hiki humwona Binamu kama kijana anayeng'ang'ania ushindi, na mimi sikubali. Alisema hivi: "Ndugu yangu, mimi pia najua kuwa ilikuwa Tanganyika. Nani hajui? Lakini uliuliza ukitaka mwaka mmoja, ndani ya mfululizo wa nchi tano, na mwaka uliokuwa kichwani mwako ni 1961. Nimekijibu ulichokiuliza. Sasa unataka kuniadhibu kwa kukuelewa?" Akaongeza skrinishoti. Kwenye orodha ya wanachama wa Umoja wa Mataifa, mbele ya jina la Tanzania tarehe ya kujiunga ni 14 Desemba 1961. Kama Umoja wa Mataifa wenyewe unaihesabu Tanzania kuanzia 1961, sisi ni nani?

Hoja hiyo ina uzito. Tanganyika iliingia Umoja wa Mataifa siku tano baada ya uhuru wake, Zanzibar ikaingia kwa kiti chake yenyewe tarehe 16 Desemba 1963, na baada ya Muungano viti viwili vikawa kimoja. Tarehe iliyobaki kwenye orodha ni ile ya kwanza. Vilevile ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku Bara, mtu akisema "tulipata uhuru 1961" hakuna anayemsahihisha. Lakini orodha hiyo inahusu uanachama, na rekodi zilezile zinasimulia viti viwili vya nchi mbili. Na hata serikali, inapotangaza sherehe za tarehe 9 Desemba, mara nyingi huandika Uhuru wa Tanzania Bara. Neno hilo Bara halikuwekwa kwa kupamba.

Kilichoniweka njia panda zaidi ni hukumu yangu ya zamani. Miezi michache kabla niliuliza mji mkuu wa Burundi. Ufunguo wangu, nilioutoa kwenye kitabu cha zamani, ulisema Bujumbura. Watu wanne wakaandika Gitega, wakakata rufaa, na wakawa na haki, kwa kuwa tangu 2019 Gitega ndiyo mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ikabaki mji wa kiuchumi. Siku ile nilikubali yote mawili. Kaka wa Mombasa akanikumbusha: "Mbona Burundi ulikubali majibu mawili? Kubali na haya." Ni ombi la haki, kwa sababu msimamizi anayehukumu leo hivi na kesho vile hachezeki naye.

Nililala nikilifikiria hilo, na tofauti niliyoipata ndiyo naona ni kiini cha kisa chote. Kwenye Burundi swali lilikuwa zima. Burundi ina mji mkuu, mtu mwenye habari mpya angeweza kuutaja, na kilichochakaa ni ufunguo wangu. Ufunguo mbovu unarekebishika: unaongeza jibu sahihi, unahesabu upya, mchezo unaendelea. Kwenye Tanzania ufunguo haukuwa na cha kurekebishwa, kwa sababu swali lilisimama juu ya kitu kisichokuwepo. Hakuna jibu la kuongeza ambalo lingeliponya.

Kipimo ninachokitumia sasa ni hiki. Namfikiria mtu anayejua kila kitu kuhusu jambo hilo, nampa swali na sekunde 40, naangalia angeandika nini. Akiandika jibu moja bila kusita, swali ni zima hata kama nusu ya wachezaji watalikosa. Akikwama, swali ni bovu hata kama watu wanane kati ya kumi na watatu wamepatia. Swali la 13 lilimkwamisha hasa mtu aliyejua zaidi. Shangazi alitumia sekunde 38, na binti wa Dar aliandika na kufuta mara mbili hadi muda ukamwishia. Waliopona ni wale ambao ama hawakuijua tofauti, ama kama Binamu waliijua wakaiweka pembeni wakasoma mawazo yangu. Chemsha bongo inayomlipa anayesoma mawazo ya msimamizi na kumtoza anayejua historia haifai kuchezwa na watu wanaopendana.

Kipimo hicho pia kinazuia ukorofi, maana baada ya rufaa ya kwanza kila mtu huamka na yake. Jumapili hiyohiyo jioni mtu wa pili wa Mombasa alidai na swali la Kenya lifutwe, kwa kuwa ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar na ulitawaliwa kama himaya, tofauti na koloni la bara. Ni kweli tupu, na mtu wa pwani ana haki ya kuikumbusha. Ila ukimuuliza mjuzi wa mambo hayo Kenya ilipata uhuru lini atakujibu 12 Desemba 1963 bila kukwama, kwani makubaliano kuhusu ukanda ule yalimalizwa kabla ya siku hiyo na nchi iliupokea uhuru ikiwa na pwani yake. Swali lile likabaki.

Sasa hukumu. Shemeji ndiye aliyenishtua: "Wewe umelitunga hilo swali, utalihukumuje?" Nilikuwa sijawahi kuliona hivyo. Miaka miwili nimekuwa mtunzi, msomaji, msahihishaji na hakimu wa rufaa dhidi yangu mwenyewe. Nikamkabidhi. Nilimpa majibu yote kumi na mawili pamoja na saa yalipoingia, hoja za pande zote, na kauli yangu ya kwanza kundini. Akaomba usiku mmoja.

Alikuwa na njia kadhaa mbele yake. Kushikilia 1961, Binamu abaki bingwa kwa 16. Kumpa pointi Shangazi peke yake, kwa kuwa alichoandika ni kweli yote, na hapo yeye na Binamu wangelingana 16 kwa 16. Njia hii ilinivutia sana, nikiri, kwa kuwa ilikuwa inaniondolea aibu. Shemeji aliikataa kwa sababu moja: yule binti wa Dar alijua kilekile alichokijua Shangazi, tofauti ni kwamba hakuwa na ujasiri wa kumwambia mkubwa wake kuwa swali halina jibu. Kumlipa mmoja kwa kupinga na kumwacha mwingine aliyenyamaza kwa adabu, alisema, hakutakaa sawa.

Zikabaki mbili: kufuta swali, au kumpa kila mtu pointi. Watu wengi kundini walitaka la pili, "tugawiwe wote, yaishe." Lilionekana la ukarimu. Lakini ukikaa na hesabu utaona ni kitu kilekile. Kila mtu akipewa, Binamu, Shangazi na Kaka wanakuwa na 16. Swali likifutwa, wanakuwa na 15. Nafasi hazibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni maana: ukimgawia kila mtu unasema kila jibu lilikuwa sahihi, na 1961 kwa Tanzania haikuwa sahihi. Shemeji akachagua kufuta, nami naona alichagua ukweli.

Swali la 14 lilikuwa gumu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kaka wa Mombasa, siyo Shangazi, ndiye aliyeomba Shangazi arudishiwe pointi ya Rwanda. Shemeji akakataa: swali lilikuwa zima, muda ulikuwa sawa kwa wote, na hawezi kumpa mtu jibu ambalo hakuliandika. Nakubaliana naye, ingawa najua fika kwamba Shangazi aliikosa kwa sababu yangu, kwa kutupia swali juu ya maneno yake. Hasara ile haikuwa na mahali pa kurekebishwa kwenye jedwali. Ilinibidi niibebe mimi, kwa kuomba radhi.

Nikampigia Shangazi kwanza, Jumatatu mchana, kabla hukumu haijasomwa. Nilimwomba radhi kwa mambo mawili na nikayatenganisha: kwa swali, na kwa namna nilivyomjibu mbele ya watoto. Akanisikiliza hadi mwisho. "La kwanza ni la kitabu," akasema, "la pili ni la malezi." Kisha akacheka kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Jioni nikaandika kundini, palepale nilipokosea. Nilieleza kuwa swali la 13 limefutwa kwa wote, kwa nini, na kwamba kauli yangu ya Ijumaa haikuwa ya kuambiwa mtu mzima. Nilimtaja Binamu pia. Nilisema hakukosea chochote, alijibu swali kama lilivyoulizwa, na pointi anayoipoteza anaipoteza kwa uzembe wa mtunzi. Nilifanya hivyo kwa makusudi, maana aliyekata rufaa hupata heshima yake, na aliyekuwa na pointi mkononi huachwa akionekana kama aliyeiba. Binamu hakuwa amejibu ujumbe wangu tangu Jumapili. Usiku ule aliandika neno moja: "Sawa."

Watatu wakabaki na 15. Jumanne tukawapa swali la makisio, anayekaribia zaidi ndiye mshindi. Shemeji alikataa urefu wa Kilimanjaro na wa Mlima Kenya, asije mtu akasema limempendelea wa upande fulani. Akauliza urefu wa kilele cha Margherita katika Ruwenzori, kwa mita. Shangazi aliandika 4,800, Kaka 5,300, Binamu 5,000. Jibu ni 5,109. Binamu akawa bingwa kwa mara ya pili ndani ya wiki moja, na wa kwanza kumpongeza alikuwa Shangazi. Akachagua mada ya mito na maziwa.

Tangu hapo mtu akiona swali lina kasoro ananitumia faragha neno "rufaa" pamoja na jibu lake, bila maelezo, na mchezo unaendelea. Maelezo ni baada ya swali la 20. Shemeji ndiye anayeamua, nami sina sauti. Kanuni ya neno la mwisho tumeiondoa. Na maswali ya historia nayaandika kwa jina lililotumika siku hiyo: nikitaka 1961 nauliza Tanganyika.

Shangazi amekubali kuyapitia maswali kila Alhamisi kabla sijayatoa, kwa wiki ambazo yeye hachezi. Karatasi ya kwanza niliyompelekea ilikuwa ya mada ya Binamu. Aliirudisha ikiwa safi isipokuwa swali la 6, nilipouliza mto mrefu kuliko yote duniani ni upi, na ufunguo wangu ukasema Nile. Alijua kuna watafiti wanaoupa Amazon nafasi hiyo, kwa kuwa hawakubaliani mito hiyo inaanzia wapi na inaishia wapi. Pembeni akaandika: "Kwa kipimo cha nani, mwanangu? Uliza mto mrefu kuliko yote Afrika, utalala usingizi."